Mfuko Namba Nne na Pumba Zake

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu amekuja! Hakupiga hata simu. Nageuka hivi kumtazama mteja anayelalamika foleni ndefu, namwona kasimama mlangoni mwa mashine, mabegi mawili mkononi, anacheka. Niliacha mashine inanguruma peke yake nikamrukia. Unga wote wa mwilini mwangu ukahamia kwenye blauzi yake. Wateja wakacheka. Nikawaambia, chekeni tu, huyu ni Daktari!

Akaninong'oneza, Mama, acha hizo, bado sijawa. Ndiyo kwanza namalizia utafiti.

Nikamwambia hilo ni suala la karatasi tu, imechelewa njiani.

Na utafiti wenyewe — wa mahindi! Mahindi! Miaka kumi na minane mimi nasaga mahindi ya mtaa huu, na mwanangu kapanda ngazi zote za shule mpaka chuo kikuu kwenda kuyasoma. Ameyapata wapi kama si hapa? Baba yake, kwenye cherehani yake barazani, anadai sifa ni zake kwa sababu ndiye aliyemshonea sare za shule. Aendelee kudai.

Anapima aina nne. Meupe, ya njano, mekundu, na ya nne — nimepiga kelele mpaka Baba yake kajichoma kidole kwa sindano — ya nne ni yetu! Yale meusi ya marehemu mama! Napanda mistari mitatu nyuma ya nyumba kila mwaka kwa sababu mama aliniwekea mbegu kiganjani akasema nisiipoteze. Siyo meusi hasa, ukiyaweka kwenye mwanga ni zambarau iliyoiva. Mtaani wanayaita mahindi ya mkaa. Jirani yangu Mama Kuku, mfugaji, huniuliza kila msimu kama shamba liliungua. Sasa yanakwenda maabara, wacha nimwone atasema nini.

Anataka kujua aina ipi ina nini. Protini, madini, vitamini, na kitu kinaitwa antioksidanti. Nilimtaka alirudie neno hilo mara tatu. Anasema mwili unachakaa ndani kwa ndani, kama chuma kinavyoliwa na kutu, na hivyo vitu vinazuia kutu hiyo. Nimeelewa papo hapo! Nani anaijua kutu kuliko mwenye mashine?

Daftari hili amenipa yeye. Anasema watafiti huandika kila kitu siku hiyo hiyo, kiwe kizuri kiwe kibaya, hawafuti. Na pia eti nikiongea na karatasi, Baba atapata kupumzika. Mtoto mtundu huyu. Haya, nimeanza.


Alhamisi, 6 Machi

Leo nimefanya kazi ya chuo kikuu! Naandika kila kitu, kama watafiti.

Kinu cha maabara yao kimeungua mota. Kwa hiyo wasomi wote wale na makoti yao meupe wamekwama, na mahindi yamekuja kusagwa kwa nani? Kwangu! Nimefunga mlango, nimewaambia wateja warudi mchana. Nimebandika karatasi: SHUGHULI YA UTAFITI. Mteja mmoja kaniuliza kama ni uchawi.

Tumeanza saa mbili asubuhi. Daktari aliisugua mashine kwa brashi saa nzima, mpaka nikaona aibu, uchafu alioutoa humo ni wa miaka. Mifuko minne, kila mmoja kilo mbili, kila mmoja namba. Moja meupe, mbili ya njano, tatu mekundu, nne yetu. Akasema, Mama, yote na ganda lake, tusikoboe. Sawa. Mfuko wa kwanza, saga, safisha. Wa pili, saga, safisha — unga wa njano kama jua la asubuhi! Wa tatu, saga, safisha.

Saa nne na robo simu inalia. Msimamizi wake. Anamtaka chuoni sasa hivi, si baada ya nusu saa, sasa hivi. Na nimemsikia kwa masikio yangu, simu ilikuwa na sauti kubwa, akisema hayo mahindi meusi ni pambo tu, anapoteza muda, mbegu za kisasa zipo. Pambo! Mtu mwenyewe nilimwona mara moja siku ya kumpeleka mtoto chuoni. Uso kama jiwe la kusagia lililoisha meno. Hacheki. Nadhani hata mkewe humpigia saluti. Nimempa jina: Bwana Jiwe.

Mtoto akavaa viatu mbio. Mama, malizia huu wa nne, kama ile mingine, nitaufuata jioni. Akaondoka.

Nikabaki na mfuko namba nne. Mahindi yetu. Nikafikiri: hii nafaka ya mama yangu inakwenda kusimama mbele ya Bwana Jiwe. Ile mingine siijui imetoka wapi, iende ilivyo. Lakini mtoto wako mwenyewe akienda mbele za watu unamwogesha kwanza, unampaka mafuta. Nani anampelekea mgeni unga wenye maganda? Nikawasha mashine ya kukoboa. Nikakoboa mara mbili, siyo moja! Halafu nikasaga kwa chekeche la tundu ndogo kabisa. Saa tano na dakika kumi nimemaliza. Unga ulitoka mweupe, laini, unapuliza unaruka. Kilo moja na robo hivi. Pumba zikatoka zambarau tupu, vidole vyangu vimekuwa kama nimechovya wino. Nimezitia kwenye kiroba cha Mama Kuku, yeye ndiye huchukua pumba zangu siku zote.

Jioni mtoto kafungua mfuko. Mbona mweupe hivi, Mama? Nikamwambia, hiyo ndiyo mashine yangu, mwanangu, nimenoa mawe juzi! Akasema, kweli ndani ya punje huwa ni weupe. Akaufunga. Sikumwambia habari ya kukoboa. Atashangaa wasomi wenzake wakimsifu.


Ijumaa, 7 Machi

Nimewaambia watu kumi na tisa. Nilihesabu. Fundi wa baiskeli anasema nikiendelea hivi itabidi nipewe redio yangu.

Nimewaambia mahindi meusi ndiyo yataongoza. Hata matokeo hayajatoka. Lakini mimi nayajua mahindi yangu.


Jumatano, 12 Machi

Kapiga simu! Ya njano yametoka juu kwenye vitu vya vitamini A, mambo ya macho na ngozi. Mekundu yanaondoa kutu vizuri kuliko meupe. Meupe yanashibisha tu, anasema, siyo mabaya, yana protini yake na wanga wake, lakini kwa kutu hayana maajabu. Namba nne inapimwa kesho.

Nimewatangazia foleni nzima. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, kaniuliza, sasa Mama Mashine, kama ya njano yana faida hivyo, mbona sote hapa tunapanga foleni kukoboa meupe? Nikamjibu nyinyi ndio mnataka mweupe, mimi ni nani nibishane na mteja! Tukacheka.


Jumamosi, 15 Machi

Siamini.

Mtoto kaja na basi la asubuhi, hata hajala. Namba nne ya mwisho. Ya mwisho kabisa! Chini ya meupe!

Ameieleza hivi. Wana dawa ya zambarau kwenye vichupa. Wanatia maji ya unga ule, wanaweka gizani dakika thelathini. Unga ukiwa na nguvu, ile dawa inapauka, inageuka njano. Usipokuwa na nguvu, inabaki zambarau vile vile. Cha mekundu kilipauka. Cha kwetu kilikaa zambarau kinamtazama.

Bwana Jiwe kasema si nilikwambia. Anataka namba nne iondolewe. Ripoti inapelekwa Ijumaa tarehe ishirini na moja, na mahindi yatakayofanya vizuri ndiyo yatakayopandwa kwenye mashamba ya chuo msimu ujao. Mtoto alitegemea hilo. Anasema alikuwa ameshaandika sura nzima kuhusu bibi yake na mbegu ile. Sura nzima! Sasa anaikata.

Nikasema vipimo vyao vibovu. Kinu chao kiliungua, kwa nini vichupa visiwe vibovu? Baba yake akaenda kumwekea chai. Akamwita daktari wa mahindi, utani wake wa siku zote. Mtoto hakucheka.


Jumapili, 16 Machi

Watafiti hawafuti. Basi naandika na hili.

Baada ya chakula mtoto alikaa na mimi mezani. Alikuwa ameloweka punje za aina zote nne kwenye visahani vya chai. Akachukua ya njano, akaimenya kwa kucha. Ndani njano. Tazama Mama, rangi yake imeingia mpaka kwenye nyama. Akachukua yetu, kutoka kwenye yale mahindi kumi na mawili ya mbegu niliyoyaning'iniza jikoni. Akaimenya. Ganda likatoka zima kama koti. Zambarau. Na ndani — nyeupe pee.

Anasema, ndiyo maana sielewi, Mama. Rangi ndiyo nguvu yenyewe, vitabu vyote vinasema hivyo, na rangi yote imevaliwa nje. Na ganda tulilisaga humo humo kwenye unga. Si ndiyo?

Akaniangalia.

Nikasema, ndiyo.

Neno moja tu. Limetoka lenyewe, kama kikohozi.

Akaendelea kumenya. Mimi nikaenda kuosha sufuria iliyokwisha oshwa. Nilikoboa mara mbili! Siyo moja, mbili! Ile mifuko ya watu nisiowajua niliipeleka na nguvu zake, na wa kwangu, wa mama yangu, niliupenda mpaka nikauvua nguo.

Na nimewaza jambo jingine, baya zaidi. Miaka kumi na minane nakoboa. Kila siku viroba na viroba vya pumba. Mtaa huu wote unapata mweupe, na kuku wa Mama Kuku wanapata… Loo!

Mtoto kaondoka na basi la saa kumi. Sikusema. Kanibusu, akasema usihuzunike, Mama, siyo kosa lako.


Jumatatu, 17 Machi

Alfajiri, kabla hata sijawasha mashine, nilikuwa kwa Mama Kuku. Nilitaka tu kujua kama zimebaki hata ngumi moja.

Sijafungua mdomo, yeye kaanza! Afadhali umekuja, Mama Mashine, nilikuwa nakufuata kwa ubaya! Umewapa nini kuku wangu? Siku mbili walikuwa wananya zambarau! Nimemwita bwana mifugo! Kaniambia acha kuwapa hizo pumba mpaka tujue.

Nikamuuliza, ukaacha?

Niliacha! Kiroba kiko kule juu ya paa la banda, nimekifunga, ndio ushahidi wangu huo!

Nilimkumbatia. Alidhani nimepata kichaa. Kumbe kiroba chake kilikuwa kitupu siku ile nilipotia, na kuku wamekula vibakuli viwili tu. Pumba zipo! Zimekauka vizuri, zambarau ile ile, zinanukia kama siku niliyozitoa. Nikamwambia, jirani, kuku wako wamekula chakula cha maprofesa. Akasema, basi ndiyo maana wanataga huku wananitazama kwa dharau.

Akaniuliza sasa unakwenda nazo wapi? Nikamweleza yote. Yote, hata lile neno ndiyo. Hakunicheka. Kwa mara ya kwanza toka nimfahamu hakunicheka. Akasema, mimi kuku wangu nikiwakosea hawawezi kusema. Wako anaweza. Nenda akakuseme usoni, yaishe.

Nimemwambia na baba wa mtoto. Kaondoa miwani, kaisafisha, kairudisha. Halafu kasema, nitakushonea mfuko mzuri wa kubebea hizo pumba. Mume wangu huyu!


Jumanne, 18 Machi

Niko chuoni. Nimekaa kwenye benchi la mbao nje ya maabara. Ukuta wa kijani nusu, mweupe nusu. Harufu kama ya duka la dawa. Wanaopita wananisalimu, shikamoo mama, kwa adabu kabisa. Naandika ili mikono ipate kazi.

Yamekuwa hivi. Nimefika saa tatu na nusu na mfuko wa pumba na mahindi mawili ya mbegu, yamebaki kumi jikoni. Mtoto katoka na koti jeupe. Jamani, koti lile! Limemkaa kama alizaliwa nalo! Nilitaka kulia kwa furaha nikakumbuka kilichonileta.

Nikasema yote bila kupumua. Mashine ya kukoboa, mara mbili, chekeche dogo, pumba, kuku.

Nikasubiri aseme habari ya kukoboa. Hakusema. Akasema, Mama, nilikuuliza. Ukaniambia ndiyo.

Hapo ndipo palipouma. Nikasema, nilikuambia, mwanangu. Nilikudanganya. Niliogopa ungeniona mimi ni mama wa mashineni tu.

Akafuta macho kwa mkono wa koti. Wewe ni mama wa mashineni, akasema. Kwani nilipoungua kinu nilikimbilia kwa nani mwingine?

Nikamwambia, aliyeungua ni mota, siyo wewe. Akacheka kidogo, kwa pua. Akachukua mfuko. Akachovya kidole kwenye pumba, akakiangalia kwenye mwanga wa dirisha, akaanza kutembea haraka. Halafu akakimbia! Na koti linapepea!

Sasa yuko ndani. Wanapima vitatu pamoja: unga ule ule mweupe niliouharibu, pumba zake, na mahindi mawili yaliyosagwa kwa kinu kidogo cha mkono, na ganda.

Bwana Jiwe alikuja. Ana uso ule ule. Mtoto alimweleza mlangoni, mimi nikiwa hapa hapa benchini. Nilisimama. Nikasema, kosa ni langu, profesa, mtoto aliniambia nisikoboe. Akanitazama kuanzia kwenye kilemba mpaka viatuni. Kwa mtoto akasema, sampuli ambayo haijulikani ilitayarishwaje, saa ngapi, kiasi gani, siipokei hata ikitoa dhahabu. Hilo la kukoboa lingekuwa na maana kubwa, akasema, kubwa sana, kama kungekuwa na kumbukumbu ya siku hiyo. Je, ipo? Bila hiyo namba nne inatoka kwenye ripoti, na wewe utaandika barua ya kueleza kwa nini uliacha sampuli mikononi mwa mtu mwingine.

Mtoto akainamisha kichwa. Nilimwona shingo yake, ile niliyokuwa naisugua kwenye karai la maji.

Wakaingia. Vichupa vimewekwa gizani, dakika thelathini. Saa ya ukutani inasema zimepita kumi na nane.

Ishirini na mbili.

Natafuna ncha ya kitambaa kama mtoto mdogo. Kwenye mlango kuna kioo kidogo. Nimechungulia mara moja. Mtoto amesimama mbele ya kisanduku cheusi, mikono mgongoni. Bwana Jiwe anazunguka.

Vidole vyangu bado vina zambarau kwenye mizizi ya kucha, tangu tarehe sita. Nimesugua kwa limau, kwa majivu, wapi!

Ishirini na saba.

Kisanduku kimefunguliwa kabla ya wakati! Nimesikia. Siyo mtoto aliyefungua, ni yeye. Halafu sauti ya Bwana Jiwe, siyo ile ya simu, sauti nyingine kabisa: Njoo uone hiki cha pumba. Njoo uone haraka. Na mtoto wangu anasema kitu, sikipati, anakirudia, na sauti yake imepanda kama alipokuwa na miaka saba akikimbia nyumbani na karatasi ya mtihani.

Nikaona vivuli viwili kwenye kioo. Mlango ukafunguka.

Mtoto kasema, Mama, lile daftari. Niliwahi kukwambia uandike siku ile ile. Uliandika?

Nikasema, niliandika.

Saa? Kilo? Mara ngapi?

Yote, nikasema. Saa nne na robo mpaka saa tano na dakika kumi. Mara mbili. Kilo moja na robo.

Bwana Jiwe kanyoosha mkono. Naomba niuone ukurasa huo, mama. Kaniita mama! Nikamwambia anipe dakika moja namalizia sentensi. Kakubali. Kasimama hapa mbele yangu, mkono bado umenyooka, anasubiri.

Na ukurasa ni ule ule. Juu kuna jiwe lililoisha meno na mkewe wa saluti, chini kuna kilo na saa. Mtoto anajua, nimemnong'oneza, amekuwa mwekundu mpaka masikioni, anasema, Mama, chana kile kipande cha juu, nakuomba, chana tu.

Hapana. Mwezi huu nimeshakoboa kitu kimoja. Hiki nampa na ganda lake.